Kabla ya kuzamia pweza na kumpika, yajue haya

WAHENGA walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kila ifikapo likizo, hasa Aprili, Agosti na Desemba, familia nyingi za mijini hushuka Pwani kupumzika. Siku hizi wageni hawatosheki kukaa ufuoni na kunywa madafu. Wengi wao, hasa vijana, hutaka kuvaa miwani ya kuzamia na kuingia mwambani wamwone pweza akitolewa pangoni. Wengine humnunua kwa wavuvi, wakamtia mfukoni na kupanda naye basi hadi nyumbani.

Huenda wewe msomaji ukashangaa ni kwa nini daktari wa Longisa, katika Kaunti ya Bomet, anajitia katika mambo ya bahari. Longisa iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji ambayo watoto wetu hujifunzia kuogelea ni ya mito kama Nyangores na Amala, ambayo huungana ikawa Mto Mara na kumwagika katika Ziwa Victoria. Wazee wetu wa Kipsigis walizoea kimyet, mursik, mboga na nyama, na wengi wao hawakuonja kiumbe cha baharini maisha yao yote.

Lakini ni kwa sababu hiyo hasa ninaandika. Mvuvi wa Shimoni akitoka majini hurudi nyumbani kwa miguu, na nyumba yake iko pale pale usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi, Kericho au Longisa akitoka majini, kwao ni mlimani. Safari hiyo ya kupanda inaweza kumdhuru vibaya asipojua la kufanya. Isitoshe, hata pweza aliyembeba hatapikika huku juu kama anavyopikika Mombasa. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni shinikizo la hewa.

KAZI YA WENYEWE

Kwanza tuwaangalie wanaoijua kazi hii. Katika vijiji kama Vanga, Shimoni, Mkwiro na Wasini upande wa kusini wa pwani ya Kenya, na vile vile Unguja na Pemba, pweza huvuliwa kwa njia mbili. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi, wanawake na watoto hutembea juu ya mwamba wakichungulia mashimo. Wanaume huenda mbele zaidi, mahali ambapo maji hayakauki, wakazamia kwa miwani na fimbo ya chuma yenye ncha bila mtungi wowote wa hewa.

Mgeni anaweza kumpita pweza hatua moja bila kumwona, kwani hugeuza rangi ya ngozi yake ikafanana na jiwe. Mzoefu hutafuta dalili. Akiona maganda ya kaa na ya kombe yamerundikana mlangoni pa shimo, hujua mwenye nyumba yumo ndani. Humchokoa mpaka atoke au aishike fimbo, kisha humwua upesi.

Pweza wa miamba yetu haishi sana, yapata mwaka mmoja au kuzidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya Afrika Mashariki huufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue na kuzaa. Mtindo huo ulipata umaarufu kutoka kijiji cha Andavadoaka nchini Madagascar, ambako ulianza mwaka wa 2004. Ukumbuke pia kwamba ndani ya hifadhi za baharini kama Kisite, Malindi na Watamu ni marufuku kuvua chochote. Huko utatazama tu.

Kazi ya kuzamia kwa pumzi iko kwingi duniani. Katika pwani ya Dhofar nchini Oman, karibu na miji ya Mirbat na Sadah, watu huzamia abaloni, yaani konokono wa baharini mwenye gamba moja bapa ambaye nyama yake huuzwa ghali sana Hong Kong na China. Serikali ya Oman hufungua msimu huo kwa muda mfupi, na miaka mingine haifungui kabisa. Katika kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, wanawake waitwao haenyeo, baadhi yao wakiwa wamepita umri wa miaka 80, huzamia abaloni hadi kina cha mita 10 bila mitungi. Hukaa chini kwa takriban dakika moja kila wanapozama, na hufanya hivyo hata saa saba kwa siku. Mwaka wa 2016, shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni wao katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Wataalamu wa viumbe walimpa abaloni jina la Kigiriki lenye maana ya sikio la bahari, kwa sababu ya umbo la gamba lake. Kwa sisi madaktari jina hilo linatukumbusha jambo muhimu, kwani kiungo cha kwanza kuumia anapozama mwanadamu ni sikio lake.

MASIKIO HUTANGULIA KUUMIA

Hapa juu ya nchi kavu hewa hutukandamiza kutoka kila upande, lakini kwa kuwa tumezaliwa nayo hatuhisi. Maji ni mazito kuliko hewa. Kila unaposhuka mita 10 baharini, shinikizo huongezeka kwa kiasi kinacholingana na uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Maana yake ni kwamba ukifika kina cha mita 10, shinikizo limekuwa maradufu, na hewa iliyomo ndani ya mwili wako imebanwa ikawa nusu.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Hewa hiyo inapobanwa, kiwambo huvutwa kuelekea ndani. Maumivu huanza ukiwa mita mbili au tatu tu, kina cha bwawa la kuogelea la kawaida. Mzamiaji anayejua hubana pua na kupuliza polepole huku amefunga mdomo, ili hewa ipite katika mirija inayounganisha koo na sikio. Hufanya hivyo kabla hajasikia maumivu, tena mara kwa mara anaposhuka. Ikishindikana hupanda juu kidogo akajaribu tena. Halazimishi.

Anayelazimisha anaweza kupasuka kiwambo. Kikipasuka chini ya maji, maji baridi huingia ndani ya sikio na kuleta kizunguzungu kikali, mtu asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Hapo ndipo wengine hufa maji, ilhali jeraha lenyewe lingepona.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na mafua, kikohozi au sikio linalotoa usaha, usizame hata kidogo. Ukitoka majini ukasikia maumivu, ukaona damu sikioni au uziwi usiokwisha, nenda hospitali. Usitie mafuta ya taa, maji ya kitunguu wala dawa yoyote ya matone kabla daktari hajalichungulia sikio. Kiwambo kingi kilichopasuka huziba chenyewe baada ya wiki kadhaa, mradi sikio liwekwe kavu na lisiingie uchafu.

USIPUMUE HARAKA HARAKA

Hatari ya pili huua vijana wenye nguvu, tena waogeleaji hodari. Kijana anataka kukaa chini muda mrefu, hivyo kabla ya kuzama anapumua haraka haraka na kwa nguvu, akidhani anajaza oksijeni ya akiba.

Ukweli ni kwamba oksijeni haiongezeki kwa kiasi kikubwa. Kinachopungua ni kabonidayoksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa. Kwa kawaida, kinachomlazimisha mtu avute pumzi ni kujaa kwa hewa hiyo chafu wala si kupungua kwa oksijeni. Aliyeipunguza kwa kupumua ovyo ameizima kengele ya mwili wake. Ataendelea kumfuata pweza huku oksijeni ikiisha bila yeye kuhisi haja ya kupumua. Anapopanda, shinikizo hupungua, na oksijeni iliyobaki mapafuni haiwezi tena kusukumwa kwenye damu ya kutosha. Huzimia ghafla, mara nyingi akiwa karibu kabisa kufika juu. Hapigi kelele wala hatapitapi.

Kinga yake ni rahisi. Pumua kawaida na upumzike vya kutosha kati ya kuzama na kuzama, na usizame peke yako asilani. Wawili wakienda, mmoja azame na mwingine abaki juu akimtazama mpaka atoke na kupumua mara kadhaa.

Ukimtoa mtu majini akiwa hajitambui wala hapumui, usimning'inize kichwa chini na usimkamue tumbo. Mlaze chali, umpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, kisha umkandamize kifua katikati mara 30 kwa kila pumzi mbili, na usiache mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta taabu saa kadhaa baadaye.

MITUNGI YA HEWA NA SAFARI YA KUPANDA

Sasa tuje kwa mtalii anayezamia kwa mtungi wa hewa mgongoni. Tatizo lake ni tofauti. Hewa tunayovuta ina nitrojeni karibu asilimia 78. Mtu anapoivuta akiwa chini ya maji, shinikizo huisukuma nitrojeni ikayeyuka katika damu, mafuta na viungo. Akipanda taratibu, hutoka kidogo kidogo kwa njia ya mapafu. Akipanda haraka, hufanya mapovu, kama soda inapofunguliwa kizibo ghafla.

Mapovu hayo yanaweza kuziba mishipa midogo ya damu. Dalili zake ni maumivu makali ya bega, kiwiko au goti, ganzi, vipele na mwasho wa ngozi, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, kushindwa kukojoa na hata kupooza. Kwingi duniani wanakozamia majongoo bahari na kamba kwa mitungi, wapo wavuvi waliokufa na wengine waliobaki vitini kwa sababu hii. Mara nyingi ni watu wasiofunzwa, waliopewa vifaa na tajiri na kuambiwa washuke tena na tena.

Ndiyo maana waliofunzwa hupanda kwa mwendo usiozidi mita tisa au 10 kwa dakika, na husimama kwa dakika tatu hivi wakiwa kina cha mita tano kabla ya kutoka. Aidha, huwa hawazuii pumzi kamwe wanapopanda, kwa kuwa hewa iliyobanwa mapafuni hutanuka na inaweza kuyapasua.

Hata hivyo, kutoka salama majini si mwisho wa hadithi. Nitrojeni hubaki mwilini kwa saa nyingi. Ukipanda ndege, au ukienda mahali pa juu, shinikizo la hewa hupungua tena na mapovu yanaweza kuanza hata kama ufuoni ulikuwa mzima kabisa.

Mathalani, chukua mfano wa kijana anayezamia kwa mtungi Diani asubuhi ya siku yake ya mwisho ya likizo, tena mara mbili. Mchana anapanda treni ya SGR kutoka Mombasa, na jioni yuko Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Usiku huo huo anachukua gari la Bomet. Gari linapita nyanda za Limuru, zilizo zaidi ya mita 2,000, kisha linateremka Bonde la Ufa, linapita Narok na kufika Longisa. Huku kwetu shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Asubuhi anaamka bega likimwuma na vidole vikiwa na ganzi. Mama yake anasema ni baridi ya milimani. Jirani anasema ni malaria ya Pwani. Anameza dawa za maumivu na kulala, huku saa muhimu za matibabu zikipita.

Shirika la Divers Alert Network la Marekani, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, hushauri aliyezamia kwa mtungi mara moja tu angoje angalau saa 12 kabla ya kuruka kwa ndege, na aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo angoje angalau saa 18. Aliyelazimika kusimama njiani kwa muda maalumu ili kutoa nitrojeni angoje zaidi ya hapo. Ushauri huo hutumika pia kwa anayekwenda kwa barabara mahali palipo juu kuanzia kama mita 600, nako ni kusema Nairobi, Kericho na Longisa zote zimo. Ili usihesabu vibaya, iache siku nzima ya mwisho ya likizo bila kuzamia. Itumie kutembelea Fort Jesus au kununua zawadi.

Dalili zikikupata ungali Pwani, usianze safari. Lala chali, unywe maji ikiwa hutapiki na una fahamu zako, nawe uwahishwe hospitali ukapewe oksijeni safi. Usirudi majini kujitibu. Matibabu kamili hufanywa katika chumba maalumu chenye shinikizo kubwa, na vyumba hivyo ni vichache mno katika eneo letu. Zikikupata ukiwa umeshafika nyumbani, nenda hospitali upesi, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ulizamia kwa mtungi, siku gani na saa ngapi. Daktari wa nyanda za juu hawezi kukisia jambo hilo kwa kukutazama tu.

Wanaozamia kwa pumzi bila mtungi hawabebi nitrojeni nyingi, na ni nadra kwao kupata ugonjwa huu. Lakini si kwamba haiwezekani kabisa. Wazamiaji wa lulu wa visiwa vya Tuamotu katika Bahari Pasifiki, waliokuwa wakishuka mita 30 na zaidi mara nyingi kwa siku, waliujua na kuupa jina lao, taravana.

MIIBA NA MAJERAHA

Mwamba una wakazi wengine mbali na pweza. Wapo samaki wenye miiba ya sumu wanaofanana na mawe, wapo taa wanaojizika mchangani, na wapo viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaojaa mashimoni. Vaa viatu vigumu, na usitie mkono katika shimo usiloliona ndani. Pweza mwenyewe ana mdomo mgumu kama wa kasuku na anaweza kuuma.

Ukichomwa na samaki mwenye sumu au taa, tumbukiza mguu au mkono katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, yapata nyuzi 45 za sentigredi, kwa muda wa dakika 30 hadi 90. Sumu nyingi za samaki huharibiwa na joto, na maumivu hupungua. Mtu mwingine ayajaribu maji kwanza kwa mkono wake, kwa sababu aliyechomwa anaweza kujiunguza bila kujua. Kisha nenda hospitali miiba itolewe, na uulizie chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asidharau mkwaruzo wowote wa matumbawe, kwani vijidudu vya maji ya chumvi vinaweza kumletea maambukizo mabaya.

KUTOKA BAHARINI HADI CHUNGUNI

Pweza mbichi aliye mzima ana harufu ya bahari, si ya uvundo. Ngozi yake hung'aa, macho ni maangavu na nyama ni thabiti. Ukiona ngozi inabanduka yenyewe na utelezi unanuka, mwache hata kama bei ni ya bure.

Vijidudu huzaana haraka katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Kwa hivyo pweza asikae nje ya barafu zaidi ya saa mbili, na katika jua kali la Pwani hata saa moja inatosha kumharibu. Safari ya Mombasa hadi Longisa ni ya mchana au usiku mzima, nayo haimfai pweza wa kwenye gunia. Agandishwe kwanza kabisa, kisha awekwe katika sanduku la barafu linalofunga vizuri. Akifika akiwa ameyeyuka na amepata joto, usimgandishe tena na usimpike. Kugandisha kuna faida nyingine pia: hukata nyuzi za nyama na kumlainisha. Wavuvi hufanya kazi hiyo kwa kumpiga pweza mwambani au kwa gongo.

Kumsafisha si kazi ngumu. Pindua kichwa nje ndani kama soksi, utoe matumbo yote na kifuko cha wino bila kukipasua. Usiyapike matumbo, kwa maana ndani yake madini yenye sumu kama kadimi hujikusanya. Kata macho, kisha sukuma mdomo mgumu utoke katikati ya mikono. Msugue kwa chumvi mpaka utelezi uishe, hasa katika vile vikombe vyake vinavyonata, umsuuze mara kadhaa kwa maji safi. Ubao na kisu ulivyotumia vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia kachumbari.

Mtie katika sufuria na maji kidogo tu, kwa kuwa hutoa maji yake mwenyewe. Weka tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Chumvi ingoje mwisho, nawe uonje kwanza, maana pweza huja na chumvi yake. Funika, achemke kwa moto mdogo. Akishalainika, mkate vipande. Ukipenda supu, kamulia ndimu na unywe. Ukipenda mchuzi, kaanga vitunguu na nyanya, tia bizari, kisha mimina tui la nazi na umwache atokote kidogo. Ugali humfaa sana, hata ugali wetu wa wimbi.

HUKU JUU MAJI HUCHEMKA MAPEMA

Hapa ndipo watu wa milimani hulalamika kwamba wameuziwa pweza mzee. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Huku karibu mita 2,000, kwa sababu hewa inakandamiza kidogo, maji huchemka yakiwa nyuzi 93 hivi, na hata ukiongeza kuni hayazidi hapo. Nyama ya pweza ina nyuzi ngumu zinazohitaji joto na muda ili ziyeyuke. Aliyelainika Mombasa kwa dakika 45 au saa moja anaweza kuwa bado mpira hapa Longisa kwa muda huo huo.

Usitazame saa, tumia uma. Ukiingia bila kulazimishwa katika sehemu nene ya mkono, pweza ameiva. Ikibidi, mwongeze nusu saa au zaidi. Njia nyepesi ni sufuria ya presha, ambayo huzuia mvuke na kupandisha joto kupita nyuzi 100. Dakika 20 hivi humtosha. Usiwe na wasiwasi kuhusu vijidudu, kwa kuwa nyuzi 93 kwa muda huo wote zinatosha kuviua. Lakini pweza wa kubabua juu juu, aliye mbichi ndani, si wa kula, hasa kwa wajawazito, wazee, watoto na wenye kisukari au ugonjwa wa ini.

FAIDA NA NANI AJIHADHARI

Gramu 100 za pweza aliyechemshwa zina protini karibu gramu 30 na mafuta gramu mbili tu. Zina madini ya chuma takriban miligramu 9.5, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya yale ya nyama ya ng'ombe. Zina pia zinki, seleniamu na vitamini B12 kwa wingi. Kolesteroli yake ni kama nusu ya ile iliyo katika yai moja kubwa. Ni chakula kizuri kwa anayepungukiwa na damu.

Hata hivyo, sisi wa nchi ya majani chai tuna desturi ya kuteremsha kila mlo kwa kikombe cha chai. Damu ya pweza hubeba oksijeni kwa madini ya shaba, ndiyo maana ni ya samawati, na madini yake ya chuma si ya aina ile iliyo katika damu nyekundu. Aina hii huzuiwa kwa urahisi na chai isifyonzwe tumboni. Ngoja angalau saa moja baada ya mlo ndipo unywe chai. Badala yake kamulia ndimu mbichi sahanini, kwani vitamini C husaidia madini hayo yafyonzwe.

Wanaume wengi kutoka Lamu hadi Dar es Salaam huinywa supu ya pweza wakiamini kwamba huongeza nguvu za kiume. Sayansi haijalithibitisha hilo. Mwanamume anayeishiwa na nguvu hizo na apimwe kisukari, shinikizo la damu na moyo, kwa maana mara nyingi hiyo ni dalili ya kwanza ya mishipa ya damu kuharibika. Supu haitamponya, na kuchelewa kutamgharimu.

Wanaopaswa kujihadhari ni hawa. Mwenye jongo asile pweza kwa wingi, kwa kuwa huongeza asidi ya yuriki inayoleta maumivu ya viungo. Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi katika mapishi. Kisha kuna wenye mzio. Mtu aliyekulia bara na hajawahi kuonja chakula cha bahari hawezi kujua kama ana mzio huo, nao hauondolewi na kupika. Aanze na kipande kidogo, na asile kwa mara ya kwanza usiku akiwa peke yake. Akivimba midomo, akitokwa na vipele mwili mzima, akikohoa au kukosa pumzi, akimbizwe hospitali mara moja kudungwa sindano ya adrenalini. Aliyewahi kudhurika na kamba au kaa amwone daktari kabla ya kumjaribu pweza.

Msomaji, sikukatazi bahari wala pweza. Nenda ukaone, na urudi na habari njema. Ila zama na mwenzako, pumua kawaida, na usilazimishe sikio. Ukitumia mtungi, mpe mwili siku moja ya kupumzika kabla ya kupanda milima. Na pweza wako mpe barafu njiani na muda wa kutosha jikoni. Haraka haraka haina baraka, nako kule mwambani imewanyima wengi safari ya kurudi nyumbani.